Mwanangu ameingia skauti, nami nataka kusaidia kikosi. Nianzie wapi?

Mama wa Kisauni

Salaam nyote. Naishi Kisauni, Mombasa, kazi yangu ni mapishi: asubuhi mahamri na mbaazi, jioni viazi karai na bhajia. Kitindamimba wangu ana miaka 11 na yuko skauti shuleni kwao. Sijawahi kumwona mtoto huyu akipenda kitu namna hii. Siku ya skauti anaamka mwenyewe, viatu anapiga rangi mwenyewe, na ile skafu akiivua anaikunja taratibu na kuiweka chini ya mto ili isipate mikunjo. Nyumbani hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa.

Sasa kuna jambo linanikera. Mwalimu aliyekianzisha kikosi amehamishwa, yuko kaunti nyingine. Aliyekabidhiwa ni mwalimu kijana, ana moyo, lakini ana darasa lake, ana timu ya voliboli, na skauti ameongezewa juu ya hayo. Juzi Jumamosi nilimpelekea mwanangu maji, nikakaa chini ya mwarobaini nikatazama. Ilikuwa gwaride tu. Kushoto, kulia, nyuma geuka, jua la saa nane, hadi wakaambiwa waende nyumbani. Njiani mtoto akaniambia, "Mama, zamani tulikuwa tunafunga kamba na kupika."

Nataka kusaidia lakini sijui mlango uko wapi. Mimi sikuwahi kuwa skauti. Pesa za kutoa kila mara sina. Nilicho nacho ni Jumamosi mchana na mikono miwili. Je, mzazi asiye na mafunzo anakubaliwa? Atafanya nini pale, au atakuwa wa kubeba maji tu?

Na baba watoto ana wasiwasi wake. Anasema skauti ni kusimama juani siku ya Madaraka na kuelekeza magari kwenye Maonyesho ya Kilimo, na akisikia neno kambi, watoto kulala nje, anasema hapana kabisa. Ningependa kumjibu kwa hoja. Nisaidieni wenye uzoefu.

Babu wa Tudor

Aleikum salaam, Mama wa Kisauni. Swali lako nimelisoma mara mbili na nimefurahi sana, kwa hivyo utanivumilia nikiandika marefu.

Nianze na hilo la mwalimu kuhamishwa, maana ndilo lenyewe hasa. Hapa kwetu Kenya vikosi vingi viko mashuleni na mlezi ni mwalimu. Mwalimu akihama, kikosi kinabaki yatima. Nimeona vikosi vikifa katika mji huu, na sikumbuki hata kimoja kilichokufa kwa kukosa hema. Hema huazimwa, na kamba vilevile. Kinachoua ni kwamba ufunguo wa stoo haujulikani uko kwa nani, daftari la wanachama limepotea, na hakuna mtu mzima anayejua ni mtoto gani alifikia wapi katika beji zake. Yule aliyebakisha jaribio moja anaambiwa aanze upya. Hapo wakubwa ndio wa kwanza kuondoka, wale viongozi wa patroli (vikundi vidogo ndani ya kikosi), na wao wakiondoka wadogo hawana wa kumtazama. Kinachosalia ni gwaride, kwa sababu gwaride halihitaji kamba, wala daftari, wala mtu anayewajua watoto kwa majina.

Mzazi hahamishwi. Yuko Kisauni leo, na mwakani atakuwa Kisauni. Kama kuna jambo moja ningetaka ulichukue katika maneno yangu yote ni hilo: kikosi chenye wazazi wawili watatu wanaofika bila kukosa huvuka uhamisho wa mwalimu, na kisicho nao hakivuki. Mimi mwenyewe niliingilia mlango huohuo wa mtoto. Kazi yangu ilikuwa bandarini, kufunga mizigo ya kuinuliwa na winchi, na siku mwanangu aliponiomba nimwonyeshe fundo moja la kwenye kitabu chake nikaona kumbe watoto wa wenzangu nao wanalitafuta. Mwanangu sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Mimi bado niko.

Mlango uko hivi. Usiende moja kwa moja kwa watoto, hata kama wanakujua. Nenda kwa mwalimu mkuu pamoja na yule mwalimu kijana, waambie unataka kuwa mzazi msaidizi wa kikosi. Wao watakuunganisha na kamishna wa skauti wa kaunti ndogo. Utaombwa cheti cha tabia njema. Unaomba kwenye eCitizen, nilipoomba mimi nililipa shilingi 1,050, halafu unakwenda kupigwa alama za vidole Huduma Centre. Ile fomu ya vidole, C24, hakikisha mtu wa saiba, pale pa intaneti, amekutolea karatasi moja iliyochapwa pande zote mbili. Ukienda na karatasi mbili utarudishwa. Kuna pia kozi ya bure ya Shirika la Skauti Duniani kwenye mtandao, kuhusu kumlinda mtoto. Unaisoma kwa simu, polepole, ukiwa umeshafunga jiko. Isome hata kabla hujaombwa.

Usione ni usumbufu. Mtu anayekasirika kuulizwa cheti kabla ya kukabidhiwa watoto wa watu, huyo ndiye wa kuangaliwa vizuri.

Baadaye ukipenda kuna mafunzo ya viongozi, hatua kwa hatua, mpaka zile shanga mbili za mti tunazoziita Wood Badge. Yalianzia Gilwell Park, Uingereza, mwaka 1919, na shanga za kwanza alizitoa Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wa skauti, kwenye mkufu uliohusishwa na Dinizulu, mfalme wa Wazulu. Mimi ninazo, na nazivaa kwa heshima. Lakini mzazi msaidizi hangoji shanga ndipo aanze.

Sasa utafanya nini pale? Kwanza uelewe patroli, maana ukielewa patroli umeelewa skauti. Mwaka 1907 Baden-Powell alipowapeleka wavulana wapatao 20 kisiwa cha Brownsea kuijaribu fikra yake, hakuwapanga mistari. Aliwagawa patroli nne, kila moja na kijana wake wa kuiongoza. Mpaka leo ndiyo kazi. Watoto sita, saba, wanane, kiongozi wao ni mtoto mwenzao, na mtu mzima yuko pembeni. Kuwa pembeni ndiyo kazi ngumu kuliko zote, nakwambia kweli.

Nikupe mfano. Kulikuwa na kambi ya siku mbili, na patroli moja ilikuwa inajenga kichanja cha vyombo: miti minne imesimama, miwili imelazwa, fito juu yake. Kiongozi alikuwa msichana wa miaka 13, mwembamba, sauti ndogo. Anayefunga kona ya kwanza alikuwa anazungusha kamba upande mmoja tu, na mtu yeyote aliyefunga mzigo angeona kwamba kile kichanja sufuria ya kwanza kitakwenda chini. Nilikaa kwenye gogo, mikono magotini, kimya. Yule msichana akakishika kichanja, akakitikisa. Kikacheza. Hakusema neno. Akaifungua kona yote, akampa mwenzake ncha ya kamba, akamwambia, "Juu ya huu, chini ya ule, halafu katikati tunaibana." Akaibana mwenyewe ile mizunguko ya mwisho kati ya miti miwili, mguu ameuegemeza kwenye mti apate nguvu. Wakaendelea kona ya pili bila yeye. Ningesimama mimi na kuwaonyesha, kichanja kingekamilika mapema, na wale watoto wangejifunza kwamba babu anajua kufunga.

Kwa hivyo usijione utabeba maji. Wewe ni mpishi wa biashara! Una habari ulivyo hazina? Kambini watoto wanapika kwa patroli, na mahali wanapokwama ni hesabu. Hawajui unga kiasi gani kwa watoto wanane, hawajui maharagwe yasiyolowekwa tangu usiku yatamaliza mkaa wote, hawajui kwamba mchele ukishatiwa maji ya kutosha unauacha, huukorogi. Wewe hayo unayajua usingizini. Wape shilingi za bajeti kwenye karatasi, waende soko la Kongowea na mwalimu wakaulize bei, warudi wapange mlo. Hapo kuna hesabu, kuna kusema na watu wazima kwa adabu, kuna kujitegemea. Kisha simama kando uache uji wao uungue kidogo. Wataula, na mara ya pili hautaungua.

Kuhusu gwaride, sitaki yule mwalimu kijana alaumiwe. Gwaride lina mahali pake. Sherehe za taifa zinapendeza kwa wale watoto, na kuelekeza magari kwenye maonyesho ni huduma kwa watu, na huduma ni sehemu ya ahadi yao. Lakini kikosi kinachofanya gwaride peke yake kinamnyima mtoto yale aliyoyafuata. Mwalimu huyo ukimwambia, "Jumamosi ijayo nitakusaidia nusu saa ya mapishi," atashukuru. Mara nyingi anafanya gwaride kwa sababu yuko peke yake na watoto 40.

Jasiri Mikindani

Babu amemaliza mengi. Mimi nina miaka 22, ni skauti tangu nikiwa Sungura, nikapanda Chipukizi, nikawa Mwamba sekondari, sasa Jasiri. (Mama, Chipukizi ndipo alipo mwanao kwa umri wake. Jasiri ni sisi kuanzia miaka 18.)

Naongeza jambo moja la kazi za nje, maana wazazi husahau kwamba na hapo wanahitajika. Sisi huku tunapanda mikoko mkono wa bahari wa Tudor. Watoto wanaipenda sana kazi hii, matope mpaka magotini. Lakini mara nyingi wajitoleaji wanakuja na shauku na miche, wanapanda popote, wanapiga picha, baada ya miezi hakuna kitu. Mikoko ina aina zake, na kila aina ina mahali pake. Mlilana ndio unaokaa mbele, unapopigwa na maji. Mkoko nyuma yake. Mkandaa huko juu zaidi. Ukiuchukua mkoko ukaupanda mahali pa mlilana, maji yanaung'oa. Na mbegu ya mkoko, ile ndefu inayoanza kuota ikiwa bado juu ya mti, inachumwa ikishageuka manjano shingoni. Ya kijani bado haijakomaa. Unaichomeka kwenye tope theluthi moja tu, wima, kichwa juu.

Haya yote sikufundishwa na skauti. Alitufundisha mama mmoja wa kikundi cha akina mama wa huku, ambaye hajawahi kuvaa skafu. Yeye ndiye anayetuambia pia twende lini, maana anajua bamvua (maji yanapojaa na kutoka sana) na maji mafu (yanapojaa na kutoka kidogo). Tulikuwa tunapanga tarehe kwa kalenda ya shule, yeye akasema, hapana, tazameni mwezi kwanza, maji yakitoka sana ndipo mfanye kazi kwa nafasi. Kwa hivyo Mama wa Kisauni, usiseme huna mafunzo. Uliza kikosi kinataka kujua nini, halafu mtafuteni mtaani anayekijua.

Watu wazima tunawahitaji pia kwa kuhesabu watoto. Watoto 30 kwenye mikoko, maji yanakaribia kujaa, lazima kuwe na mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu vichwa tu. Hashiki mche hata mmoja.

Baba Watatu

Samahani kuingilia, mimi nina wasiwasi uleule wa huyo baba. Sisemi skauti ni mbaya. Nina binti wa miaka 12, anaomba kujiunga. Nataka kujua, wavulana na wasichana kambi moja? Nani analala wapi? Na sisi ni Waislamu, chakula na swala vinakuwaje? Mwenzangu mmoja msikitini ananiambia ni mambo ya Wazungu yenye dini ndani yake.

Babu wa Tudor

Baba Watatu, hakuna haja ya samahani. Baba asiyeuliza hayo ndiye angenitia hofu.

Wasichana wana mahema yao na wavulana yao, mbalimbali, na pakiwa na wasichana lazima pawe na kiongozi mwanamke anayelala kambini. Mtu mzima halali hema moja na watoto. Mtu mzima hakai na mtoto mmoja mahali pa faragha, hata kama ni kumshauri, watasimama panapoonekana. Kabla ya kambi unajaza fomu ya ruhusa, na humo unaandika ugonjwa wa mtoto, dawa zake, asichokula. Usijaze haraka haraka. Kama mtoto ana pumu, andika. Kama ana selimundu, andika kwa herufi kubwa na umpigie kiongozi simu juu yake, kwa sababu baridi na kukosa maji ya kunywa vinaweza kumwamsha maumivu makali, na kiongozi lazima ajue mapema apange blanketi, maji, na hospitali iliyo karibu.

Ukitaka kuridhika kabisa, njoo wewe mwenyewe siku ya kambi. Kikosi kinachomkatalia mzazi kuja kutazama, usimpeleke mwanao. Na kama binti yako angependa kuwa na wasichana watupu, kuna chama cha Girl Guides, nao wako hapa Kenya tangu miaka ya 1920, wanafanya kazi nzuri.

La dini. Ahadi ya skauti inataja wajibu kwa Mungu, na kila mtoto anautimiza kwa dini yake. Vikosi vya huku pwani vina Waislamu na Wakristo, ratiba inatengewa nafasi ya swala, nyama inachinjwa halali, na kambi hatuiweki Ramadhani. Unguja skauti ilifika mwaka 1912. Chama kikubwa kuliko vyote duniani kwa wanachama kiko Indonesia, nchi ya Waislamu. Huyo mwenzako wa msikitini mkaribishe naye aje kutazama Jumamosi moja.

Mwalimu wa Zamu

Mimi ni mmoja wa hao walimu "walioongezewa juu". Sio wa shule ya mwanao, mama, niko bara, lakini hali ni ileile. Niwaeleze tunachohitaji, maana wazazi wengi hutuuliza "tuchange ngapi" na sisi tunaona haya kusema kweli.

Kweli ni hii: nahitaji mtu wa daftari. Nani amekuja, nani hajaja Jumamosi mbili mfululizo, nani amefaulu jaribio gani na tarehe gani. Mtoto asipokuja mara mbili, kuna jambo nyumbani. Mimi nikigundua ni baada ya muhula. Mzazi wa mtaani anagundua wiki ileile, kwa sababu anapita mbele ya nyumba yao akienda sokoni. Kikosini kwangu mama mmoja aliniambia mtoto fulani haji kwa kuwa hana viatu, anaona haya. Tulikuwa tunafikiri amechoka na skauti. Tulikubaliana kikosi kizima kwamba mikutano ya kawaida ni ndala, na sare ni skafu tu shingoni. Akarudi.

Hapo kwenye sare, tafadhali wazazi, tusaidieni. Mtoto asizuiwe mlangoni kwa sababu hana sare kamili. Mama fundi cherehani anaweza kushona skafu za kikosi kizima kwa kitambaa cha jora moja.

Babu wa Tudor

Mwalimu umenikumbusha la Nyeri, na hili Mama wa Kisauni ulichukue kwa ajili ya baba watoto, maana ni la kumjibu.

Baden-Powell alizikwa kwetu. Alimalizia maisha yake Nyeri, kwenye nyumba ndogo waliyoiita Paxtu katika uwanja wa hoteli ya Outspan, akafariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake liko makaburini hukohuko Nyeri, limeelekea Mlima Kenya, na juu ya jiwe kuna duara lenye nukta katikati. Skauti yeyote duniani anaijua alama hiyo, ndiyo tunayoichora ardhini kumwambia anayetufuata njiani, "nimekwenda nyumbani". Kila mwaka karibu na tarehe 22 Februari, siku aliyozaliwa yeye na mkewe pia, maskauti wanakusanyika pale kutoka pande zote za nchi na nje.

Kuwapeleka watoto wa Mombasa Nyeri ni safari kubwa. Treni kutoka Miritini mpaka Nairobi, halafu barabara. Kuna watoto ambao ndiyo mara yao ya kwanza kutoka kaunti hii. Na Nyeri asubuhi ni baridi ya kung'ata, nao sweta hawana, maana Mombasa sweta ya nini? Mwaka tuliokwenda na watoto wengi, akina mama walikaa wiki kadhaa wakipita kwenye mitumba ya Kongowea, wakifungua marobota, wakichagua masweta ya ukubwa wa kila mtoto. Mmoja alikuwa na orodha ya majina na vipimo vya mabega. Wakayafua, wakayaanika, wakashona vifungo vilivyopungua. Hakuna mzazi aliyechanga zaidi ya alichokuwa nacho, na hakuna mtoto aliyetetemeka. Wale akina mama hawakupanda treni wala hawakuiona Nyeri, na safari ile ilikuwa yao.

Baba watoto akiuliza skauti ni nini, mwambie mwanawe anajifunza kupangia wenzake saba chakula, kumfunga bandeji aliyeumia, kutulia mwenzake anapobabaika, na kusimama na kusema "nimeahidi, nitafanya". Akiwa hajaridhika, mwambie aje yeye atufundishe anachokijua. Anafanya kazi gani?

Mama wa Kisauni

Nimerudi na habari, na niwaombe radhi kwa kimya, ilikuwa msimu wa shughuli nyingi za harusi.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Nilikuwa na woga, lakini alinipa kiti, akamwita yule mwalimu kijana, na huyu nilipomwambia nataka nusu saa ya mapishi alicheka kwa furaha, akaniambia, "Mama, chukua saa nzima." Fomu ya cheti cha tabia njema nimejaza, vidole nimepigwa (karatasi moja pande mbili, Babu, ahsante, mbele yangu kijana mmoja alirudishwa kwa hilohilo). Kozi ya simu naisoma usiku.

Daftari la zamani limepatikana. Lilikuwa chini kabisa ya sanduku la chuma stoo, chini ya bendera, na ndani kuna majina yote na majaribio yote mpaka siku ambayo mwalimu wa kwanza aliondoka. Nililinunulia jalada. Tulikaa na viongozi wa patroli wanne, tukaita jina moja moja, wao wakasema nani bado yuko na nani ameacha. Walioacha ni 9. Nimeshaonana na mama zao 6.

Somo la kwanza nilifanya ugali na mchicha wa nazi. Patroli ya mwanangu waliweka unga kabla maji hayajachemka. Niliushika ulimi wangu, Babu! Mwanangu alinitazama nimwokoe, nikatazama upande wa bahari. Wakala madonge yao bila kulalamika.

Baba watoto ana tuk-tuk. Amesema kambi atafikiria, lakini kuwafundisha kubadilisha tairi na kusafisha plagi atakuja, mradi wasishike mafuta. Mimi nimeshukuru kwa hapo alipofika.

Swali langu la sasa ni kamba. Zilizokuwamo sandukuni zimeoza. Nimeambiwa kuna za nailoni bei rahisi, za rangi rangi. Ninunue hizo?

Babu wa Tudor

Hapana, za nailoni ziache. Zinateleza, fundo la mtoto halikai, naye anafikiri amekosea. Nenda soko la Marikiti uulize kamba ya katani, unene wa kidole kidogo cha mkono wako, ununue bunda moja kwa pamoja, utapata nafuu kuliko kwa mita. Kwa kufungia miti kata vipande vya mita tatu hivi, kwa mafunzo ya mafundo mita moja na nusu inatosha, kila mtoto awe na chake. Kabla hujakata, zungusha uzi mnene mara nyingi pande zote mbili za mahali pa kukata na uukaze, ama sivyo katani itafumuka yote. Wala usifanye wewe. Wape viongozi wa patroli uzi, wafanye wao, hilo liwe somo la kwanza la kamba.

Zikishatumika zianikwe kivulini, sio juani, na zisirudishwe sandukuni zikiwa na unyevu. Ndivyo zile za kwanza zilivyooza.

Na hao mama watatu waliobaki, nenda kawaone kabla ya Jumamosi ijayo, wakati daftari lingali mkononi mwako. Mwalimu akikubali, mwambie aniandikie yeye mwenyewe, nami nitavuka daraja la Nyali nije nikae nao saa moja kwa kichanja cha vyombo. Miti watafute wao.